Bangi Isiyongoja Baridi

Vichwa vilikuwa ndani ya ndoo. Niliviona kabla sijamwona mtu, nikiwa bado nahangaika na komeo la lango na mwanangu amelala mgongoni kwenye mbeleko: ndoo ya bati, ile ya kukamulia, imejaa ncha za kijani zilizokatwa kwa kisu kikali, na kwenye kila ncha vinyweleo vyeupe vya maua vilivyokuwa ndiyo kwanza vinachungulia. Kando ya ndoo, juu ya kigogo, alikaa baba mkwe wangu, Don Belarmino, akinyonya chai yake chungu kwa mrija, ametulia tuli kama mtu aliyetoka kuungama.

"Usinishukuru," alisema. "Nilikuwa na nafasi, nikaona nimsaidie mkamwana."

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekata ya kwanza. Ulichelewa, mama, ilikuwa imeshaanza kiburi." Akanyoosha mrija kuelekea kitalu changu nyuma ya banda. "Mimea haijafika hata kiunoni mwa mtu, tayari inatoa maua. Umeona wapi mtoto wa chekechea akiota ndevu? Sasa ngoja machipukizi ya pili, ndipo utaona mmea."

Nilikitazama kitalu. Kila mmea ulikuwa umebaki kisiki chenye matawi machache ya pembeni, utomvu unang'aa palipopita kisu. Hakuuruka hata mmoja, maana mzee huyu hajawahi kufanya kazi nusu nusu. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi, taratibu, nisimwamshe mtoto.

"Umenipokonya mwanangu," nilimwambia.

Alimtazama mjukuu wake aliyelala mgongoni mwangu, akaitazama ndoo, kisha akanitazama mimi. Nilimwona anatafuta uhusiano wa hivyo vitatu na haupati. Kweli, mpita njia angeona mwanamke mzima anayelilia majani.

Nina kifafa. Nasema bila kuzunguka kwa sababu bonde zima linajua. Kilinianza usichanani, kikanyamaza miaka, kikarudi na nguvu mpya nilipojifungua Nehuén. Vidonge vya hospitali nilivimeza na bado navimeza, lakini peke yake havikutosha. Nilianguka jikoni, nikaanguka kwenye ngazi za kanisa watu wakidhani nimeguswa na Roho, na majira ya baridi yaliyopita nilianguka mbele ya jiko la kuni nikiwa nimembeba mtoto. Don Belarmino ndiye aliyemvuta kutoka chini yangu. Nywele za kisogoni mwa mtoto zilikuwa zimeungua. Mimi sikumbuki chochote ila ladha ya chuma mdomoni, ambayo hunijia kabla, na kuzinduka nikimkuta mzee amepiga magoti, amemkumbatia mjukuu wake, anatetemeka kunizidi.

Nazareno, mume wangu, anafanya kazi kwenye visima vya petroli, wiki mbili huko na moja nyumbani. Aliporudi tulikaa mezani watatu. Hakupaza sauti, laiti angepaza, ningepata pa kujibia. Alisema nikianguka tena na mtoto mikononi, Nehuén atakwenda mji wa Neuquén kwa shangazi yake Zulema, akae huko mpaka apate akili ya kujiokoa mwenyewe. Nilikubali. Ningekataa kwa mdomo gani? Kisha akamgeukia baba yake.

"Na wewe, mzee, utaniambia. Likitokea, usinifiche."

"Nitakuambia," Don Belarmino alisema, kiganja kimelala juu ya meza.

Mzee huyu hajui uongo. Aliwahi kumwambia padri, mbele ya waumini, kwamba mahubiri yake yanawachosha hata farasi waliofungwa nje. Kwa hiyo tangu siku ile niliishi na shahidi ndani ya nyumba. Nilimpikia, nikamfulia mashati, nikamjazia kibuyu chake cha chai, na nikamwogopa kila siku iliyopita.

Mafuta ya bangi yalitoka kwa Mirta, mwanamke anayeuza miche na mbegu kwenye gulio la Jumamosi, mwembamba, mwenye maneno makali, ambaye mpwa wake alikuwa akianguka kama mimi. Daktari wangu wa mjini alisema tujaribu, akanijazia maombi, na kibali kikaja. Kimebandikwa ukutani karibu na picha ya Bikira, na polisi akitaka aje akisome. Matone machache chini ya ulimi asubuhi na jioni, pamoja na vidonge. Siwezi kuapa kwamba ni dawa ya kila mtu. Kwangu, miezi ilipita bila ladha ya chuma, nikaanza kumbeba mwanangu nikiwa nimesimama. Nilimpeleka dirishani akaone mvua ikishuka kutoka mlima Piltriquitrón, jambo ambalo akina mama wengine hulifanya huku wakiwaza mengine.

"Ila mimi si kisima," Mirta aliniambia aliponipa chupa ya mwisho. "Hii ni ya mpwa wangu, nimemnyima yeye nikupe wewe. Lima yako."

Nilimwambia nilikwisha kulima nikashindwa. Kiangazi kilichotangulia, Nehuén akiwa bado mchanga, Nazareno, kwa kusikia bangi inasaidia wenye kifafa, aliniletea mbegu kutoka kwa mwenzake wa kazini, mtu wa kaskazini, kwenye udongo mwekundu na joto la mwaka mzima. Bangi ya kwao ni mti. Ilipanda ikalipita paa la banda, watu wakawa wanasimamisha magari barabarani kuitazama, nami nikatembea kifua mbele. Lakini mmea ule hauanzi maua mpaka uone mchana unafupika, na mchana wa kwetu ukifupika, baridi imeshafika mlangoni. Maua yalianza kunenepa mwezi wa tatu. Mwezi wa nne mvua ikaja, ukungu ukayaozesha kuanzia ndani, na yaliyobaki yakamalizwa asubuhi moja na sakitu, ule umande unaoganda na kuunguza majani yakawa meusi. Majira ya baridi yaliyofuata ndiyo yale ya jiko la kuni.

Mirta alinicheka bila huruma. "Ulichagua mmea au ulichagua picha? Mmea hauchaguliwi kwa urefu, Ercilia, wala kwa sifa za kwao. Toka nje kwanza ulitazame anga lako. Una miezi mingapi bila sakitu?"

"Mitatu. Mungu akipenda."

"Na Mungu hapendi kila mwaka. Basi tafuta mmea unaomaliza kazi zake kwa miezi mitatu."

Mbegu alizonipa watu huziita otomatiki. Asili yake ni bangi fupi ya nchi za baridi upande wa pili wa dunia, ambako kiangazi ni kifupi kuliko chetu, na huko ilijifunza kutongoja chochote. Haijali urefu wa mchana. Inafuata umri wake tu. Ikishatimiza mwezi inatoa maua, upende usipende, na kabla miezi mitatu haijaisha imekomaa. Mirta alinisisitizia niipande palepale itakapokulia, nisiihamishe, nisiipunguze kitu kwa kisu, kwa kuwa haina muda wa kuugua na kupona.

"Huyu ni abiria wa basi la mwisho," alisema. "Ukimshusha njiani afunge kamba za viatu, ameachwa."

Nilimweleza Don Belarmino yote haya nilipopanda, theluji ilipokwisha kuyeyuka ikabaki juu kabisa mlimani. Nilimwambia hii asiiguse. Lakini ukoo wa Nazareno ni watu wa lupulo, ule mmea mtambazi ambao maua yake hutia bia uchungu. Mzee amezeekea chini ya nguzo na nyaya za lupulo, na kila mkulima wa lupulo anajua kwamba machipukizi ya kwanza ya mwaka hayafai. Hukua kwa pupa, matupu ndani kama mwanzi, hupanda juu na kuchoka kabla ya maua. Hukatwa yote, na yanayofuata ndiyo hufungwa kwenye kamba. Asiyekata huitwa mvivu, na uvivu wa mkamwana ni aibu ya nyumba nzima. Lupulo na bangi ni ndugu, hata harufu inasema. Mzee alipoona mimea yangu inakimbilia maua kabla ya urefu, aliona haya kwa niaba yangu. Akangoja nimekwenda kliniki, akanoa kisu.

"Ulisema nisiguse," aliniambia jioni ile, baada ya Mirta kuja, kutazama, na kumpasulia ukweli wote kwa maneno nisiyoweza kuyarudia. "Nikadhani unaona haya kunipa kazi."

Hasira ningeijibu, lakini yale maneno yalikuwa ya kweli, kama maneno yake yote, na ukweli wake ulinichosha.

Mirta hakunificha. Mimea itaishi, alisema, itatoa maua ya pembeni, madogo na haba, na itachelewa, maana imetumia nguvu kuziba vidonda. Kisha akaomba aione chupa yangu. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku.

"Haifiki mavunoni," alisema.

Nilimpigia daktari. Akaongeza kipimo cha vidonge, akasema tutazame. Vidonge vile vilinitia usingizi hata mikono ikawa mizito, na hofu haikulala pamoja nami. Nilikuwa napunguza matone, moja leo, moja kesho, huku nikijua najiibia mwenyewe. Nilisikia ladha ya chuma kila mahali: kwenye kijiko, kwenye maji ya bomba, kwenye damu ya ufizi. Mara ngapi nilimweka Nehuén chini ghafla, katikati ya kicheko chake, nikajilaza ubavu kungoja kitu ambacho hakikuja? Alidhani ni mchezo. Alijilaza kando yangu, akanifumba macho kwa vidole vyake vyenye jamu.

Mwishowe nikarudi kuishi sakafuni. Nilimlisha sakafuni, nikamvalisha sakafuni, na kitu kikinilazimu kumbeba nilimwita mzee.

Na mzee alikuwa amebadilika. Utani ulimwisha. Yeye aliyekuwa akiingia na viatu vya matope na maneno tele, sasa aligonga mlango wa jikoni kwanza. Asubuhi nilimkuta kitaluni amechuchumaa, mikono ameifungia mgongoni kama mfungwa, anatazama visiki vyangu vikihangaika kutoa maua. Nilipomtuma jambo lolote pale, aliuliza kwanza. "Hili jani la manjano, niliguse?" "Maji nimwage hapa, au pale?" Nilijibu kwa kifupi. Nilitaka kumsamehe na sikuweza, kwa sababu kila nilipomtazama niliona watu wawili: aliyeniharibia, na atakayenishtaki.

Mwezi wa pili ulikuwa unaishia, maua yakiwa bado wiki moja hivi kukomaa, upepo wa kusini ulipolala mchana. Ulilala ghafla, majani ya miti mirefu ya mipopla yakasimama tuli, na anga likawa safi pasipo wingu la dawa. Mgeni angesifu hali ya hewa. Don Belarmino alitoka bandani, akalamba kidole, akakiinua. Alikuja mlangoni kwangu.

"Upepo ukilala kabla ya jua," alisema, "sakitu inashuka usiku, na kesho maboga ni meusi."

"Tufanyeje?"

"Kwenye lupulo ningefungua maji usiku kucha. Maji yakiganda juu ya jani, jani halifi."

"Maji yataingia kwenye maua, Baba. Yataoza kama mwaka jana."

Nilimngoja abishe. Miaka yote niliyomjua, mzee huyu hajawahi kuachia ubishi wa shamba. Aliinamisha kichwa. "Basi sema wewe. Mimi nina mikono tu."

Tulifunika. Tulitoa mashuka yote ya nyumba, mapazia, nepi za Nehuén, koti la zamani la mama mkwe wangu marehemu lenye kola ya manyoya, tukayatandaza juu ya vijiti ili nguo isiguse ua. Kati ya mistari tukaweka madebe ya maji ya moto na makaa ndani ya masufuria yenye mifuniko. Nehuén alikaa kwenye kreti ya tufaha, amevaa kofia mbili, akipiga makofi. Mzee aliinama na kuinuka, akiguna kwa kiuno, na kila shuka aliuliza: "Hapa sawa?" Jua lilipotua tulikuwa na kitalu kilichovaa kama watoto wa kipaimara. Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka tumefunika nini, nikarudi kuongeza makaa.

Kulipopambazuka majani ya maboga yalikuwa meusi, na majani ya viazi, na ya maharage ya jirani. Nilikwenda kitaluni. Mzee alikuwa ameshafika, amesimama pembeni, hakuthubutu kufunua. Nikafunua mwenyewe. Chini ya shuka la harusi yangu maua madogo yalikuwa yamesimama, yananuka vizuri, yananata kwenye vidole. Don Belarmino alivua kofia, akajifuta uso nayo, akarudi kukata kuni.

Tulivuna baada ya siku chache. Mavuno yalienea kwenye waya mmoja wa darini, mahali nilipokuwa nimefunga waya kadhaa. Mirta aliyapima kwa macho akasema yatanifikisha katikati ya majira ya baridi, pengine mbele kidogo nikiwa mchoyo, na kwamba nisiyaharakishe. Yasipokauka sawasawa mafuta yatavunda. Chupa ya zamani ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeisuuza kwa vijiko vya mafuta ya alizeti, nikayanywa hayo pia.

Jumapili iliyofuata mzee alikuwa uani na shoka lake. Mimi nilikaa sakafuni nakunja nepi, Nehuén akitembea kuzunguka meza kwa kushikilia viti. Mlango nilidhani nimeufunga. Sikuufunga, au nilifunga komeo likateleza, maana nilipoinua macho mtoto alikuwa amevuka kizingiti, anaelekea mfereji wa kumwagilia kwa ile mbio yake ya kuyumba, na mfereji ulikuwa umejaa hadi mdomo. Nilimwita, akacheka akaongeza kasi. Nikainuka nikakimbia. Nilimnyakua hatua chache kabla ya maji, nikamkumbatia, nikageuka kurudi nyumbani. Kizingitini ndipo ladha ya chuma ilipokuja.

Ilikuwa ya kweli safari hii, na niliijua mara moja. Niliwaza: mweke chini. Niliinama. Nakumbuka nilikuwa nainama, nikiona mbao za sakafu na nepi nilizozikunja, na mikono yangu ikawa ya mtu mwingine.

Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa ubavu, koti la mzee chini ya kichwa changu. Yeye alikaa juu ya sakafu, ameegemea mguu wa meza, Nehuén mapajani. Mtoto alikuwa ameacha kulia lakini bado ana kwikwi, na juu ya jicho lake la kushoto pameota nundu ya rangi ya bilinganya. Mzee alikuwa ameikandamizia kijiko kilicholowekwa kwenye maji baridi. Nilinyoosha mkono nikamgusa mwanangu mguu. Akaushika mkono wangu akauweka mdomoni, kama kawaida yake.

"Ametapika?" niliuliza. Ulimi ulikuwa mzito.

"Hapana. Amekula mkate. Ananifuata kidole kwa macho." Akakigeuza kijiko. "Nilikuwa nyuma ya rundo la kuni. Sikusikia, mwanangu. Nilisikia yeye analia, si wewe."

"Alikuwa anakwenda mfereji."

"Nimeona nyayo."

Basi tukakaa hivyo. Jua liliingia mlangoni na kutufikia miguuni. Hakuna aliyetaja jina la Nazareno, ingawa wote wawili tulijua kwamba Jumapili hupiga simu baada ya chakula cha mchana, na kwamba mchana umefika. Nilimtazama mzee usoni nikitafuta hukumu yangu. Nilikuta uso wa mtu aliyechoka tu, mwenye vumbi la kuni kwenye nyusi. Nilijiambia: usimwombe. Utakuwa umemfundisha uongo uzeeni, na hata hivyo hatakubali. Nikaanza kufikiria nguo za Nehuén, zipi ziende naye Neuquén, kama Zulema anajua kwamba hali uji wa baridi, na kama atamwacha alale na mwanga. Hapo ndipo nilipoanza kulia, kimyakimya, nikiwa bado nimelala ubavu.

Simu ililia juu ya rafu. Don Belarmino aliinuka kwa shida, mtoto mkono mmoja, akaniletea mtoto hapo sakafuni, akaipokea simu. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo huweka sauti ya nje, na sauti ya mume wangu ikajaa jikoni pamoja na mngurumo wa mitambo.

"Mzee. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Baridi imepiga?"

"Imepiga. Maboga yamekwenda. Mimea ya mkeo tuliifunika, ikapona."

"Afadhali. Na Ercilia? Hajambo?"

Nilifumba macho. Nilimsikia mzee anavuta pumzi kwa pua, kama anapotaka kuinua gunia.

"Hajambo," alisema. "Wote hatujambo. Mtoto anakimbia kama mbwa wa kondoo. Hapa hakuna neno."

Alisema bila kukwama. Nikafumbua macho. Alikuwa ameuelekeza uso wake ukutani, na mkono wake usioshika simu ulikuwa umekamata ukingo wa rafu hadi vifundo vikawa vyeupe.

Nilipaswa kushukuru. Ndicho nilichokuwa nimekiombea tangu majira ya baridi, kwamba siku hiyo ikija, mzee huyu apatwe na usahaulivu, au huruma, au lolote. Badala yake nilishikwa na hofu kubwa kuliko ya jiko la kuni, kubwa kuliko ya chupa tupu. Nilielewa kwamba ameshalipa. Ameulipia ule mkono uliokata mimea yangu, na kwamba atalipa tena mara ya pili, na ya tatu, kila nitakapoanguka, kwa kuwa deni la namna hiyo halina mwisho kwa mtu kama yeye. Na Nehuén, kwenye mapaja yangu, akinivuta nywele, jicho lake la kushoto limeanza kufumba kwa uvimbe, hakuwa tena na mtu yeyote nyumbani humu wa kumsemea. Miezi yote ile nilimwogopa shahidi. Kumbe nilikuwa nalala kwa sababu yuko macho.

"Basi nawasalimu," Nazareno alikuwa anasema. "Nambusu mtoto. Ijumaa nafika."

Nilijaribu kusimama nikashindwa. Nikajikokota kwa goti moja, mtoto nimemkumbatia, mpaka kwenye miguu ya mzee, nikanyoosha mkono juu.

"Nipe simu, Baba."

Alitingisha kichwa.

"Usifanye hivyo, mwanangu," alininong'oneza. "Mafuta yako karibu. Wiki mbili tu. Nitakaa naye mimi, sitatoka hata kukata kuni."

"Nipe."

"Watamchukua."

"Najua."

"Nani huyo?" sauti ya Nazareno iliuliza. "Mzee? Mnaongea nini?"

Don Belarmino alinitazama hivyo nilivyokuwa, nimepiga magoti mbele yake. Kisha akaniwekea simu kiganjani, na vidole vyake vilikuwa baridi. Akakaa chini kando yangu, taratibu, kwa kushikilia kiti, mpaka tukawa wote watatu sakafuni.

"Nazareno," nilisema. "Ni mimi. Nimeanguka leo asubuhi. Nilikuwa nimembeba."

Mitambo iliendelea kunguruma upande wa pili. Nilisikia anaondoka mahali alipokuwa, mlango wa chuma unafungwa, na mngurumo ukapungua.

"Baba yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko hapa," nilisema. "Anasikia."